Uzi: Kuchagua programu ya skrini za waendeshaji kwa kiwanda kidogo, kwa uzoefu wetu wa Mbeya

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninasimamia matengenezo ya umeme na mitambo katika kiwanda kidogo cha maziwa hapa Mbeya. Hivi karibuni tulilazimika kuchagua upya programu ya skrini ambazo waendeshaji wetu huzitazama na kuzigusa wanapoendesha mtambo, yaani kile ambacho mafundi tumezoea kukiita HMI. Kazi hiyo imenifundisha mambo ambayo ningependa wenzangu wa Iringa, Njombe, Mufindi na Rungwe wayafahamu kabla hawajasaini mkataba, nami nitayaeleza kwa urefu kwa sababu wauzaji wengi huyapita haraka.

Mtambo wetu si mkubwa. Tuna pasteuraiza inayopasha maziwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kuyashikilia katika joto hilo kwa sekunde 15, matangi matatu, boila ya kuni, mtambo wa kupozea na mfumo wa kuoshea mabomba. Kwa hesabu ya vifaa ni mota 22, valvu 18 na sensa 14, vyote vikiwa chini ya PLC moja, yaani kompyuta ndogo ya udhibiti inayosoma sensa na kuamuru mota na valvu. Skrini zilikuwa ndani ya kompyuta moja ya kawaida, katika chumba kidogo kando ya boila.

Siku moja ya masika umeme ulikatika mara tatu ndani ya saa moja, na mara ya tatu kompyuta ile haikuwaka tena. PLC ilikuwa nzima na programu yake ilikuwemo, lakini sisi hatukuwa na njia ya kuiona wala kuiamuru. Kidude cha USB chenye leseni tulikuwa nacho. Kilichokosekana ni faili la mradi, kwa kuwa mkandarasi aliyejenga mfumo hakutuachia nakala, na alipopatikana kwa simu alisema kompyuta aliyoitumia wakati ule hanayo tena. Kwa siku 19 fundi wa zamu alisimama mbele ya pasteuraiza na daftari mkononi, akisoma kipimajoto cha mshale kila baada ya dakika tano na kurekebisha valvu ya mvuke kwa mkono. Kilichotulinda ni kwamba valvu ya kurudisha maziwa yasiyofikia joto ilikuwa ikisimamiwa na PLC yenyewe, si na skrini, na ina springi inayoyarudisha maziwa nyuma hata umeme ukikatika. Hata hivyo tulipokea nusu tu ya maziwa tuliyozoea, na walioumia kwanza ni wafugaji, ambao walirudi nyumbani na madumu yaliyojaa.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji sasa halihusu uzuri wa michoro. Ninamuuliza: skrini hii ikiungua saa nane usiku, ni nani miongoni mwa watu walioajiriwa hapa atakayeirudisha, kwa faili gani, kwa leseni gani na kwa nywila ya nani? Wawili kati ya watu watano niliowauliza walinijibu kwa kuniahidi kwamba watakuja haraka. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kwa hiyo ahadi hiyo sikuihesabu kuwa jibu.

Kuhusu leseni, watu wengi hunaswa kwa kutohesabu mapema. Programu nyingi kubwa huuzwa kwa idadi ya tagi, yaani zile thamani moja moja ambazo skrini hubadilishana na PLC. WinCC ya Siemens kwa kompyuta, kwa mfano, imekuwa ikiuzwa kwa ngazi kama 128, 512 na 2,048. Mtu akisikia mota 22 na sensa 14 hudhani 128 zinatosha. Lakini mota moja inahitaji tagi ya amri, ya hali, ya hitilafu, ya kuchagua mkono au otomatiki, na ya saa za kazi, kwa hiyo mota 22 tayari ni tagi 110. Sensa moja ina thamani yake, mpaka wa juu, mpaka wa chini, marekebisho na alamu, nazo 14 zinafika 70. Valvu kwa tagi tatu kila moja ni 54. Jumla ni 234, na hapo mapishi, yaani mipangilio ya hatua za kuosha mabomba, hayajaguswa. Mzabuni aliyetupa bei ya chini kuliko wote alikuwa ameandika leseni ya 128. Ignition ya kampuni ya Marekani iitwayo Inductive Automation hupimwa kwa seva, si kwa tagi wala kwa idadi ya skrini, na hilo ni nafuu kubwa kwa kiwanda kinachokua, ingawa gharama yake ya mwanzo ilizidi bajeti yetu.

Sasa niwaeleze kisa ambacho kwangu kina uzito kuliko hayo yote. Kabla ya kompyuta kufa, fundi mmoja wa muda alitaka kuhakiki sensa ya joto ya pasteuraiza. Alichemsha maji katika sufuria, akaitumbukiza sensa, na skrini ikasoma 94. Kwa kuwa alifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, alifungua ukurasa wa marekebisho na kuongeza 6. Ndugu zangu, Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 94. Sensa ilikuwa sahihi. Kuanzia dakika ile skrini iliposema 72, maziwa yalikuwa na nyuzi 66, na valvu ya kurudisha maziwa iliyaruhusu yapite kwa sababu nayo ilitumia thamani ile ile iliyorekebishwa. Aliyetuokoa ni dada wa maabara, ambaye kipimo chake cha fosfatesi kilionyesha kwamba kimeng'enya kinachopaswa kufa katika joto la kupasteurisha bado kilikuwa hai. Maziwa ya asubuhi ile hayakutoka chumba cha baridi.

Tulipotafuta nani alibadilisha, mfumo haukuwa na jibu. Watu wote waliingia kwa nywila moja yenye tarakimu nne, na hapakuwa na kumbukumbu ya mabadiliko. Kijana mwenyewe alikiri kwa uungwana, lakini kiwanda cha chakula hakiwezi kutegemea uungwana wa mtu. Programu isiyoweza kumtofautisha mwendeshaji na msimamizi, na isiyoandika kwamba saa fulani mtu fulani aliitoa thamani hii hapa akaipeleka pale, mimi siinunui tena hata ikiwa na michoro ya kuvutia namna gani.

Karibuni kwa maoni na maswali.

Fundi wa chai (Mufindi)

Mkuu, asante kwa kueleza bila kuficha. Sisi huku kwenye chai tumekwenda njia nyingine, nami ningependa kuitetea. Hatuna kompyuta ya kuendeshea kabisa. Tuna paneli za kugusa, moja kwenye mabirika ya kunyaushia majani, moja kwenye kikaushio, na kila moja inazungumza na PLC yake. Paneli haina Windows, kwa hiyo suala kama la Windows 10, ambayo msaada wake ulikoma 14 Oktoba 2025, halitugusi. Umeme ukirudi, paneli inawaka yenyewe na mwendeshaji anaendelea na kazi. Tena programu ya kuchorea skrini za paneli za Weintek inapatikana bila malipo, na ya paneli za Delta vilevile. Unacholipia ni kifaa.

Ninakubaliana nawe kuhusu faili la mradi, na ningeongeza onyo. Kilichomo ndani ya paneli ni faili lililokwisha kugeuzwa kwa matumizi ya mashine, na mara nyingi aliyelitengeneza ana uwezo wa kulifunga lisirudishwe katika hali ya kuhaririwa. Kuwa na paneli nzima mkononi si sawa na kuwa na mradi. Dai faili la asili, na ulifungue mwenyewe katika kompyuta yako mbele ya mkandarasi.

Jambo jingine ni mawasiliano. Tulipounganisha kidhibiti joto cha kikaushio kwa Modbus, ambayo ni lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, paneli ilisoma sifuri siku nzima. Tulibadilisha kebo, tukaweka ukinzani wa omu 120 mwishoni mwa laini, tukapunguza kasi, na sifuri ikabaki pale pale. Kumbe rejista moja ya Modbus, yaani nafasi moja ya kuwekea namba, ina biti 16 tu, na namba yenye desimali huchukua rejista mbili, lakini watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Kwa namba za msingi wa 16 (heksadesimali), nyuzi 72 huandikwa 4290 na kisha 0000. Ukizisoma kwa kinyume unapata namba ndogo mno ambayo skrini huionyesha kama 0.0. Tulipopindua mpangilio kwa kubofya mara moja, joto likaonekana. Ninapochagua programu sasa, ninaangalia kama inaniruhusu kupindua mpangilio huo na kuziona rejista zilivyo, kwa sababu programu isiyonionyesha hilo inanifanya nipapase gizani.

Swali langu: kumbukumbu za joto mnazihifadhi wapi? Paneli zetu huzihifadhi kwa muda tu.

Mwenye kinu (Mbarali)

Ndugu mwanzisha uzi, mimi si fundi, ni mwenye kinu cha kukoboa mpunga huku Mbarali. Nina mota sita: lifti mbili, mashine ya kusafisha, ya kukoboa, ya kung'arisha na chekeche. Kuna muuzaji amenishauri niweke mfumo wa kompyuta wenye skrini kubwa ili, kwa maneno yake, niendane na wakati. Naomba ushauri wa kweli.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Mzee wangu wa Mbarali, nianze na wewe kwa sababu jibu lako ni fupi. Kwa mota sita zinazowashwa asubuhi kwa mpangilio mmoja na kuzimwa jioni, usinunue kompyuta. Vitufe, taa za ishara, ammita kwa kila mota, na kinga nzuri dhidi ya kupungua kwa umeme na kupotea kwa fezi moja vitakusaidia zaidi. Ukitaka sana skrini, paneli ndogo moja yenye kuonyesha mkondo wa kila mota na saa ilizofanya kazi inatosha. Fedha itakayobaki ipeleke kwenye beringi na mikanda.

Fundi wa Mufindi, hoja yako kuhusu paneli ndiyo tuliyoifuata, nami nitaeleza jinsi tulivyoikamilisha kwa kumbukumbu. Kabla ya hapo niruhusuni niseme kuhusu alamu, maana ndipo waendeshaji wetu walipokuwa wakiteseka zaidi.

Mfumo wa zamani ulikuwa na alamu 183. Kila umeme uliporudi, zote zililia pamoja, na waendeshaji walijifunza kubonyeza kitufe cha kukiri bila kusoma. Siwalaumu. Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walikabiliwa na alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, na uchunguzi wa mamlaka ya usalama ya Uingereza ulionyesha kwamba wingi huo wa alamu, pamoja na skrini zisizoonyesha picha nzima ya mtambo, uliwanyima nafasi ya kuelewa kilichokuwa kikitokea. Mwongozo namba 191 wa EEMUA, chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya kihandisi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, unashauri wastani usiozidi alamu moja kwa kila dakika kumi kwa mwendeshaji mmoja. Sisi tulikaa na waendeshaji wenyewe kwa siku mbili, tukachukua alamu moja baada ya nyingine na kuuliza: ikilia hii, wewe unafanya nini? Pale ambapo jibu lilikuwa "sifanyi kitu", tuliiondoa katika alamu na kuibakiza kama taarifa katika kumbukumbu. Zilibaki 31. Programu yoyote mtakayochagua iwe na uwezo wa kupanga alamu kwa uzito, na wa kunyamazisha kwa muda zile zinazotokana na chanzo kimoja kama umeme kukatika.

Ningependa pia tuzungumze kuhusu lugha, kwa sababu sijaona mzabuni hata mmoja aliyeligusa hili bila kuulizwa. Skrini zetu zote zilikuwa kwa Kiingereza cha vifupisho, na mwendeshaji aliyefanya kazi nasi kwa miaka mingi alikuwa amekariri mahali pa vitufe bila kujua vinasema nini. Kiswahili hakina herufi ngeni, kwa hiyo paneli ya aina yoyote inaweza kukiandika. Ugumu uko kwingine. Tulipotafsiri vitufe vya valvu kwa mara ya kwanza tuliandika "FUNGA" na "FUNGUA" kando kwa kando, kwa rangi moja na ukubwa mmoja, na ndani ya wiki moja mwendeshaji aliyekuwa na haraka alifungua valvu ya tangi badala ya kuifunga. Ni maneno mawili yanayoanza na kuishia kwa herufi zile zile na kutofautiana kwa herufi moja tu, tena yanasomwa kupitia kioo chenye mvuke, na mtu aliyevaa glavu. Sasa tumeandika "VALVU WAZI" na "VALVU IMEZIBWA" kwa hali, na kwa amri tumetenganisha vitufe, kimoja juu na kingine chini, kila kimoja na alama yake, na cha kufungua kinauliza mara ya pili kabla ya kutekeleza. Badala ya "TT-101 HI", kifupisho cha sensa ya joto namba 101 kuwa juu, sasa panaandikwa "Joto la maziwa limezidi: punguza mvuke". Dokezo hilo la kitendo waendeshaji walilitunga wenyewe.

Kuhusu rangi, kiwango cha ISA-101 cha mwaka 2015, kinachohusu skrini za waendeshaji, kimesaidia kueneza desturi ya mandhari ya kijivu na kuzitunza rangi kali kwa ajili ya jambo lisilo la kawaida. Mkurugenzi wetu alisema skrini hizo zimepooza alipoziona mara ya kwanza. Baada ya kuona jinsi alamu moja nyekundu inavyojitokeza kwenye kijivu, hakulirudia neno hilo.

Mhitimu wa MUST (Tukuyu)

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma uhandisi wa umeme hapo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na sasa nafanya kazi Tukuyu. Naomba kuuliza kwa nini hamkuzungumzia programu za chanzo huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. FUXA, programu ya kuchora skrini za HMI, inazungumza Modbus, OPC UA na S7 ya Siemens, ambazo ni lugha za mawasiliano ya vifaa, na skrini zake hufunguka katika kivinjari chochote. Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013, inaweza kukusanya data na kuihifadhi. Zote mbili hazina leseni ya kulipia wala kikomo cha tagi. Nimeziendesha kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayohifadhi data kwenye kadi ya kumbukumbu, na zimefanya kazi vizuri.

Fundi wa chai (Mufindi)

Marahaba kijana wetu. Na kadi yako ya kumbukumbu imestahimili kukatika kwa umeme mara ngapi?

Mhitimu wa MUST (Tukuyu)

Kwa kweli iliharibika mara mbili, na mara ya pili nilipoteza data ya wiki tatu. Baada ya hapo niliweka UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, na kuhamishia data kwenye diski ya SSD, na halijajirudia.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Marahaba mdogo wangu, na nakushukuru kwa kusema ukweli wa kadi ile, kwa sababu unanipa nafasi ya kueleza tulichoamua.

Tuliigawa kazi mara mbili. Uendeshaji wote uko kwenye paneli ya kugusa iliyofungwa kwenye pasteuraiza na nyingine ndogo kwenye boila. Paneli hizo zina watumiaji wenye majina na ngazi tatu: mwendeshaji haoni kabisa ukurasa wa marekebisho ya sensa, fundi anauona lakini habadilishi, na anayebadilisha ni msimamizi pekee, tena kila badiliko linaandikwa jina, saa, thamani ya awali na thamani mpya. PLC nayo imewekewa mpaka wake: marekebisho yanayozidi nyuzi moja inayakataa, hata kama msimamizi ndiye anayeyaingiza.

Kumbukumbu, na hapa ninamjibu ndugu wa Mufindi, ziko kwenye kompyuta ndogo ya ofisini inayotumia Node-RED, ambayo inasoma joto, mtiririko na hali ya valvu ya kurudisha maziwa kila sekunde tano na kuyahifadhi kwenye hifadhidata, huku nakala ikichukuliwa kila usiku kwenye diski ya pili. Mkaguzi akitaka chati ya joto la siku yoyote, tunaichapa. Kompyuta hiyo ina ruhusa ya kusoma tu. Ikifa, maziwa yanaendelea kuchakatwa na tunapoteza chati, si uzalishaji. Chanzo huria nakiamini mahali ambapo kikianguka hakisimamishi mtambo, na ambapo kuna angalau watu wawili kiwandani wanaokielewa. Ukiwa na kijana mmoja tu anayekijua, siku akipata kazi kwingine mmerudi kule kule nilikokuwa na mkandarasi wangu.

Mtu anaweza kuiangalia mitambo akiwa nyumbani kupitia VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti, na tumekataa kabisa kufungua paneli moja kwa moja kwenye intaneti. Mwaka 2010 kirusi cha kompyuta cha Stuxnet kilitumia nywila iliyokuwa imeandikwa ndani ya programu ya WinCC yenyewe, na tangu hapo sioni sababu ya kuamini kwamba nywila peke yake ni ulinzi.

Mwenye kinu (Mbarali)

Nimekuelewa vizuri, kijana wangu. Muuzaji nimemwambia alete ammita. Lakini nina swali moja: ulijuaje kwamba mkandarasi wa safari hii amekuachia kila kitu kweli, na si maneno?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Mzee wangu, tulizuia asilimia 20 ya malipo ya mwisho hadi tufanye jaribio, na jaribio lenyewe liliandikwa katika mkataba tangu mwanzo. Siku ya makabidhiano tuliizima paneli ya pasteuraiza, tukaifungua kutoka kwenye kabati, tukaiweka mezani. Fundi wa zamu ya usiku, ambaye hakushiriki kuchora hata skrini moja, alitoa paneli ya akiba kwenye boksi lake, akachukua faili la mradi kutoka kwenye kabati la ofisi, akalifungua katika kompyuta ya kiwanda, akaweka anwani ya mtandao, akalipakia, kisha akaifunga paneli mahali pake. Mkandarasi alikaa kitini na hakuruhusiwa kusema neno. Mara ya kwanza fundi alikwama kwenye anwani na ilimchukua saa moja na dakika kumi. Tulimwomba mkandarasi aandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, tukarudia siku iliyofuata kwa fundi mwingine, naye alimaliza kwa dakika 35. Mchana huo huo tukamlipa.